Kengele Mbili

Uso wa dereva Vasavan ulikuwa umevimba mpaka jicho moja halionekani. Watu wa Kurisumukku walimshusha kwenye usukani jana asubuhi, wakampiga kwa viatu na kwa miavuli mpaka polisi wakamnyakua, na kulala mahabusu hakukumpunguzia uvimbe wala hofu. Kila mlango ulipogongwa alijikunja kama mtu anayesubiri pigo lingine.

Inspekta Omana alivuta kiti akaketi mbele yake, akamwomba arudie maelezo kwa mara ya tatu. Vasavan akarudia yale yale, neno kwa neno. Alisimamisha basi taratibu kituoni. Akasubiri. Akasikia kengele mbili, akaondoa gari. Hapo ndipo aliposikia kelele, akakanyaga breki.

"Una hakika zilikuwa mbili?"

"Afande, mwaka wa ishirini na sita huu naongozwa na ile kengele. Moja simama, mbili ondoka. Mimi sigeuki nyuma. Nikigeuka nyuma, mbele ataniangalia nani?"

Kondakta wake, Bineesh, alikuwa chumba cha pili, na yeye aliapa kwa mama yake kwamba hakupiga kengele ya kuondoka. Alipiga moja ya kusimama, basi. Gari liliposimama alikuwa amekwisha kusogea katikati, amebanwa na wanafunzi wa chuo, tiketi mkono huu na chenji mkono ule. Kamba hata asingeifikia.

Kwa mkuu wa kituo cha polisi, hilo halikuwa fumbo. Mmoja wao anadanganya ili asifungwe, na mahakama itajua ni yupi. Mashahidi kumi na mmoja walikuwa wameandikisha maelezo, na wote walikuja na neno moja mdomoni: breki. Dereva alifunga breki ghafla, na mwalimu mstaafu Thresiamma, bibi wa miaka sitini na minane, akarushwa nje kupitia mlango wa mbele. Basi halikugonga kitu wala halikugongwa. Nje ya geti watu walikuwa bado wamejazana wakidai dereva atolewe. Mkuu alitaka faili liwe mezani kwake kabla ya saa kumi.

Omana alichukua karatasi ya daktari akaisoma akiwa amesimama dirishani. Nyonga ya kushoto imevunjika. Mtulinga wa kushoto umevunjika. Jeraha panja ya kushoto. Upande wa kulia hakukuwa na hata mkwaruzo. Aliisoma tena, kisha akageuka upande, kama anayeshuka ngazi ambayo haipo, akainamisha bega moja, halafu lingine.

Koplo Kunjumon, mnene na mwepesi wa maneno, alimtazama kwa wasiwasi. "Afande, umekunywa chai leo?"

"Tafuta funguo za lile basi. Dereva na kondakta waje na sisi."

"Dereva huyu? Watamla mbichi hao hapo nje."

"Mvike kofia ya pikipiki."

Kunjumon alicheka, halafu akaona kwamba bosi wake hacheki, akaenda kuitafuta kofia.

* * *

Basi lile liliitwa Chembakam, la manjano na zambarau, na kama mabasi yote ya njia ile mlango wake wa mbele ulikuwa umefungwa kwa waya ukae wazi siku zote. Wanawake walipanda na kushuka kwa mlango huo. Wanaume walitumia wa nyuma. Kamba ya kengele ilipita juu ya vichwa vya abiria, kutoka mlango wa nyuma mpaka kwenye kengele iliyoning'inia karibu na sikio la dereva.

Kurisumukku ni mahali pa mteremko. Kuna msalaba wa mawe, duka la chai, na kituo cha polisi mita mia mbili juu yake. Baada ya hapo barabara inaanguka kuelekea daraja la mtoni. Askari wanne waliwasukuma watu ng'ambo ya barabara. Mbele ya duka la chai palikuwa bado pamemwagwa unga wa mbao juu ya damu.

Omana alichuchumaa hapo, akaupima kwa macho umbali hadi nguzo ya kituo cha basi. Hatua mbili. Kama mwalimu angerushwa wakati basi linakuja kusimama, damu ingekuwa nyuma kule, kabla ya kituo. Hii ilikuwa kituoni penyewe. Mtu huyu alianguka basi likiwa limekwisha kusimama.

Alipanda, akasimama kwenye ngazi ya chini kabisa, ametazama nje, mkono wa kulia kwenye chuma, begi begani. Alimwagiza Vasavan aje kwa mwendo wa kawaida, kisha afunge breki kwa nguvu.

Mara ya kwanza mwili wote ulikwenda kulia, kuelekea mbele ya basi. Bega lake la kulia lilijibamiza kwenye fremu ya mlango, nayo fremu ikamzuia asitoke. Aliteremka, akaandika, akapanda tena.

"Sasa simama kabisa," akamwambia dereva. "Ukisikia Bineesh amepiga kengele mbili, ondoka kama jana. Usinionee huruma."

Vasavan alimjibu kwamba hataki kumwangusha mtu wa pili. Omana akamwambia hata yeye hataki kuanguka, wafanye upesi.

Alishusha mguu mmoja ukaning'inia hewani, kama anavyofanya kila mwanamke anayeshuka, na papo hapo akajua kwamba amekosea kuvaa viatu vya ngozi. Lami ilikuwa chini yake, karibu na mbali kwa wakati mmoja. Nyuma yake hakuwa na macho. Mtu yeyote ndani ya gari lile angeweza kuunyoosha mkono, na yeye asingejua mpaka dunia imeondoka chini ya unyayo wake. Alitaka kusema ngoja.

Kengele ililia mara mbili.

Basi liliruka mbele na mteremko ukalisaidia. Chuma kilichomoka kiganjani. Alikwenda kushoto, upande wa nyuma wa gari, ambako hakuna fremu wala chuma ila uwazi mtupu, na kama Kunjumon asingekuwa amemshika mkanda kwa mikono miwili angelala juu ya ule unga wa mbao. Nyonga yake ya kushoto ilisaga ukingo wa mlango mpaka akauma ulimi.

Omana alikaa kwenye ngazi mpaka pumzi ikarudi.

"Hakufunga breki," alisema hatimaye. "Aliondoka. Breki ilikuja baada ya kelele, na hiyo ndiyo waliyoikumbuka wote. Vasavan hadanganyi."

"Basi ni kondakta," Kunjumon akasema.

Omana alimsimamisha Bineesh pale alipokuwa jana, akawapanga askari watatu wamzunguke kama wanafunzi. Bineesh alinyoosha mkono. Kamba ilibaki shibiri mbili juu ya vidole vyake, maana alikuwa mfupi, na siku zote aliipigia akiwa amekanyaga kidaraja cha nyuma.

Omana, Kunjumon na Bineesh waliitazama kamba ile kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu arobaini na zaidi walikuwa chini yake jana, na yeyote mrefu wa kutosha angeweza kuivuta.

* * *

Kunjumon ndiye aliyemwona Hamsa. Wakati umati wote umekodoa macho, mtu mmoja aliyeining'iniza shingoni bodi ya tiketi za bahati nasibu aligeuka akaondoka kwa gongo lake, na kwa mtu wa mguu mmoja mbovu alikwenda kwa kasi ya ajabu. Walimkuta nyuma ya duka la chai, amekaa juu ya kuni, jasho linamtiririka.

Hamsa alipanda Chembakam kila asubuhi, kiti cha walemavu, ubavuni mwa mlango wa nyuma. Na yeye, kama mashahidi wenzake walivyosema, ndiye aliyepaza sauti ya kwanza jana: breki, kafunga breki, muueni.

Alianza kwa kukana. Halafu akaanza kulia. Alisema basi lilipoondoka na mwanamke akapiga ukelele, woga ulimfanya aseme lolote ambalo lingeyapeleka macho ya watu mbele, mbali na nyuma. Kwa sababu nyuma, juu ya kichwa chake, alikuwa ameuona mkono.

"Mkono tu, dada yangu. Mimi nimekaa, watu wamesimama, nitauona uso wa nani? Mkono wa shati jeupe. Ukaishika kamba, ukangoja. Huo ndio ulionitia baridi. Uliishika ukangoja, kama mtu anayeangalia kitu kule mbele. Kisha, tin, tin."

"Mkono wenyewe ukoje?"

"Vidole vina mabaka meupe, kama vimechunwa. Tindikali ya mpira."

Kunjumon alishusha pumzi. Nusu ya wilaya ile iligema mpira na kuugandisha kwa tindikali. Vidole vyenye mabaka vilikuwa vingi kuliko vile visivyo navyo. Hamsa alikuwa anajua hilo pia. Alisema mwenye mkono ule huenda anapanda basi lile lile kila siku, na yeye hawezi kukimbia. Aliomba jina lake lisiandikwe. Omana hakuliandika. Alimwachia askari mmoja akae naye dukani anywe chai, kisha akaruhusu Chembakam lirudi kazini kwa dereva wa akiba, Bineesh akiwa kondakta, maana bila gari lile watoto wa shule wa milima yote ile wangerudi makwao kwa miguu.

Saa nane mchana Kunjumon alipiga simu kutoka hospitali ya mjini. Alikuwa ameketi na kitabu cha mapokezi. Mwalimu Thresiamma aliangushwa saa tatu na dakika tano. Saa tatu na dakika ishirini na tano alikuwa amekwisha kupokewa. Aliletwa kwa bajaji na mtoto wa kaka yake, Jobichan, anayeishi naye huko Vettupara na mwenye banda la kukaushia mpira.

"Vettupara mpaka Kurisumukku ni mwendo gani?" Omana akauliza.

"Kwa pikipiki, nusu saa. Na mtu ampigie simu kwanza. Na hajanunua pikipiki bado."

* * *

Wodi ya wanawake ilinuka dawa na maua yaliyolala. Mwalimu Thresiamma alikuwa kitanda cha mwisho, mguu umefungwa kwenye uzito, kichwa kimezungushiwa bendeji. Kando yake, kwenye kigoda, Jobichan alikuwa anamlisha uji wa mchele. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka arobaini hivi, shati jeupe na msuli mweupe, sauti laini. Kabla ya kila kijiko alipuliza. Bibi alifungua mdomo kila kijiko kilipokuja na alimeza bila kuyaondoa macho kwenye uso wa mpwa wake.

Vidole vya Jobichan vilikuwa na mabaka meupe mpaka kwenye kifundo.

Omana alimsalimia mgonjwa kwa heshima, akajitambulisha. Bibi alisema haraka, kabla hajaulizwa kitu, kwamba alianguka mwenyewe. Alipata kizunguzungu. Dereva aachiwe, kondakta aachiwe, hana la kumdai mtu.

"Shangazi ana moyo wa mtakatifu," Jobichan alisema, akaufuta mdomo wa bibi kwa pembe ya shuka. "Kula, shangazi. Bado vijiko vitatu."

Omana alimuuliza kwa upole alipataje habari mapema vile. Jobichan alijibu bila kusita kwamba jirani alimpigia simu. Jirani gani? Wote walipiga, alisema, simu haikupumzika. Omana akaitikia kwa kichwa, akaandika, kisha akamwambia kwamba kuna fomu ya jamaa wa mgonjwa inayotakiwa sahihi ghorofa ya chini, koplo wake anayo. Jobichan aliweka bakuli chini. Aliinama, akamwambia shangazi yake neno sikioni, akamgusa kichwani, akatoka.

Nyayo zake zilipokwisha kusikika koridoni, mwalimu aliukamata mkono wa Omana. Kwa bibi aliyevunjika mifupa miwili, alikuwa na nguvu ya kutisha.

"Amekuambia nini?" Omana akauliza.

"Anachoniambia tangu jana. Rinsi hupanda basi kila siku."

Rinsi alikuwa binti wa Jobichan, miaka tisa, darasa la nne kwa masista. Mwalimu alieleza mengine kwa mnong'ono, macho yako mlangoni. Miaka miwili iliyopita Lissy, mke wa Jobichan, aliondoka nyumbani asubuhi na mkoba wa nguo na mwavuli wa bluu, akimkimbia mumewe, ili atangulie kwa mama yake kisha amfuate mtoto. Hakufika. Alianguka kwenye basi akishuka, akapasuka kichwa, akafa kabla ya jioni. Polisi walisema hapakuwa na mkoba wala mwavuli. Jobichan alisema yeye siku hiyo hakutoka bandani.

Juzi mwalimu alipanda dari la banda kutafuta kamba ya kuanikia. Akaukuta mwavuli wa bluu umesukumwa nyuma ya mbao, masizi tele. Jana asubuhi aliutia chini ya kwapa akaenda kupanda basi, ashukie Kurisumukku, aulete kwa polisi. Mwavuli wake mwenyewe aliuacha mlangoni. Jobichan alipouona umeachwa, alielewa ameondoka na upi, akamfuata.

"Nilimwona baada ya kuanguka," bibi alisema. "Nimelala barabarani, yeye ndiye wa kwanza kuniinamia. Aliuchukua mwavuli kwanza. Mimi baadaye."

Omana alikuwa amekaa wima, kalamu haitembei. Jina la Lissy alilijua tangu lilipotajwa. Faili lile lilipita mikononi mwake. Mashahidi walisema dereva mzembe, dereva akasema alisikia kengele, yeye akaandika kwamba madereva wote husema hivyo. Alikuwa ameweka sahihi yake chini, akalifunga siku ya nne.

"Mtoto anatoka shule saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

Omana alitazama saa yake. Tisa na ishirini. Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa Kunjumon, kutoka ghorofa ya chini, anauliza kama huyo bwana wa fomu bado anakuja.

* * *

Aliacha muuguzi na mlinzi mlangoni mwa wodi, akashuka ngazi mbili mbili huku nyonga inamwaka. Kwenye kona ya hospitali muuza ndizi alisema ndiyo, mtu mrefu wa shati jeupe, amepanda Chembakam sasa hivi, mlango wa nyuma.

Kunjumon aliwasha gari. Alishika kitufe cha king'ora, na Omana akampiga mkono.

"Hapana. Akitusikia atashuka naye porini, na hatutampata mtoto tena."

"Tukamsimamishie Kurisumukku, basi, pale wapo askari."

"Pita njia ya mashamba ya mpira. Tutangulie Vettupara. Nataka mtoto awe ameshuka kabla yeye hajatuona."

Njia ya mashamba ilikuwa ya mawe na mashimo, na miti ya mpira ilisimama pande zote mbili kwa mistari, kila mmoja na kikombe chake. Omana alimpigia kondakta. Mara ya kwanza simu haikushika. Mara ya pili haikushika. Mara ya tatu Bineesh alipokea, kelele za watoto nyuma yake, na Omana akamwambia asitaje cheo wala jina, ajibu tu kama anaongea na mkewe.

"Kuna mtoto wa darasa la nne, anaitwa Rinsi?"

"Yupo. Mbele, na kina mama."

"Kuna mwanamume mrefu wa shati jeupe mlango wa nyuma?"

Bineesh aligeuka kutazama nyuma. "Yupo," alisema, na sauti yake ikapungua. "Alikuwepo na jana, ee. Mwenyezi Mungu. Jana alikuwepo."

"Sikiliza vizuri. Sogea mbele kwa dereva, kama unahesabu tiketi. Fungua kamba kwenye kengele. Usiikate, ifungue fundo, uilaze tu kwenye vishikio. Mwambie dereva asiondoe gari popote mpaka wewe umguse begani kwa mkono wako. Umesikia?"

"Nimesikia, mama watoto," Bineesh akasema, akakata.

Walifika Vettupara dakika nne kabla ya basi. Kituo kilikuwa banda la mabati na ukuta mfupi. Kunjumon alilificha gari nyuma ya ghala la chama cha wagema, akavua kofia, akakaa ukutani kama mkulima aliyechoka, ila shati lake la khaki lilimsaliti kwa mtu yeyote mwenye macho. Omana alijibanza kwenye kivuli cha banda. Walilisikia basi kabla ya kuliona. Lilikuwa linapanda kwa gia nzito, linanguruma nyuma ya miti. Omana aligundua kwamba anahesabu.

Chembakam lilitokea, likasimama. Wanawake wawili wenye vikapu walishuka kwanza, bila haraka, wakibishana juu ya bei ya samaki. Nyuma yao akaja mtoto wa sketi ya bluu, begi kubwa mgongoni, mikia miwili ya nywele na riboni. Aliteremsha mguu mmoja kwenye ngazi ya chini, akamwona Kunjumon na khaki yake, akasita hapo hapo, mguu mmoja hewani.

Kwenye dirisha la nyuma uso wa Jobichan uligeuka. Yeye pia alikuwa ameiona khaki.

Omana alianza kukimbia. Kati yake na ule mlango palikuwa na hatua kumi, na mteremko unaoanza hapo Vettupara ni mkali kuliko wa Kurisumukku. Aliona mkono wa shati jeupe ukiinuka juu ya vichwa, ukaishika kamba, ukaivuta mara mbili.

Hakuna kilicholia.

Kamba yote ilichomoka kwenye vishikio, kuanzia mbele, ikawaangukia abiria vichwani na mabegani, kiti baada ya kiti, mpaka nyuma. Watu waliipapasa, wakaifuata kwa macho kuona inatoka wapi. Wakageuka wote kwa pamoja. Jobichan alikuwa amesimama na ncha yake mkononi.

Omana alimbeba mtoto kutoka kwenye ngazi, begi na vyote, akarudi naye kinyumenyume mpaka mgongo wake ukagusa mabati. Kunjumon alikuwa ameshaingia kwa mlango wa nyuma. Hakukuwa na purukushani. Jobichan alisema, kwa sauti ile ile laini, kwamba alitaka tu gari liondoke, watu wamechelewa. Alilisema mara tatu, na mara ya tatu alikuwa anamwambia binti yake.

Rinsi alimuuliza Omana kwa nini anambana hivyo. Mikono ya Omana ilikataa kulegea.

* * *

Mwavuli walioukuta chini ya magunia ya banda la Jobichan ulikuwa wa bluu, masizi tele. Hamsa alikuja mwenyewe kituoni jioni ile, bila kuitwa, akaonyeshwa mikono ya wanaume sita kupitia tundu la pazia. Aliligusa pazia ulipofika mkono wa nne na akaomba jina lake liandikwe. Vasavan aliachiwa. Rinsi alipelekwa wodini, akalala kitanda kimoja na shangazi yake mkuu, upande usiovunjika.

Asubuhi iliyofuata Omana alikwenda peke yake, bila dereva, kwenye nyumba moja kando ya mfereji, maili kumi na mbili kutoka Kurisumukku. Hapo ndipo alipoishi Poulose, aliyekuwa akiendesha basi alilodondoka Lissy. Alikuwa amekaa gerezani miezi kumi na minne, leseni ikafutwa kwa maisha yake yote. Siku hizi alichonga mipini ya majembe.

Alikuwa uani, shoka mkononi. Alipoliona gari la polisi aliliweka shoka chini polepole, mbali na miguu yake, akasimama wima. Omana alipofika mbele yake, mzee yule alikuwa amekwisha kuinyoosha mikono yote miwili, viganja juu, vifundo pamoja, tayari kwa pingu.

Hakuuliza ana kosa gani.

Omana aliishika mikono ile akaishusha. Alimwambia aliyeipiga kengele ni nani. Alimwambia kwamba aliyelifunga faili bila kumsikiliza ni yeye, Omana, na kwamba leo hii anaiandikia mahakama barua, na sababu zote ataziandika, hata hiyo ya kwake.

Poulose alisikiliza akitazama chini. Ndani ya nyumba sufuria iliacha kugongana na mwiko. Mtu alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango. Kwa majirani, ng'ambo ya mfereji, wanawake wawili waliokuwa wakifua walikuwa wameinua vichwa.

"Umesema nilisikia kweli?" mzee aliuliza.

"Ulisikia kweli. Kengele mbili."

Alitikisa kichwa polepole. Kisha akarudi nyuma hatua moja, asije akaonekana anatoa amri kwa polisi, na akamwomba kama hatajali aseme tena, safari hii kwa sauti ya kuvuka mfereji.